Mashine Yanguruma, Boti Haiendi

Katika visiwa vya Lamu mashine ya boti si kitu cha anasa. Ndiyo impelekayo mtoto shuleni, mgonjwa hospitalini na samaki sokoni, na ndiyo imchukuayo bibi harusi pamoja na masanduku yake na shangazi zake. Kwa hiyo inapotokea mashine ikanguruma kwa sauti kuu ilhali boti yajikokota kama punda aliyepakiwa mawe, hofu haimwingii nahodha peke yake. Mama aliyeketi katikati ya boti na mtoto mapajani huisikia sauti ile, akautazama ufuo usiosogea, naye aghalabu hana la kufanya ila kuvuta uradi. Makala haya tumeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya nyumba ambazo, kama yetu, zimeachiwa boti na marehemu bila ya kuachiwa elimu ya boti hiyo.

Boti yetu ni ya mbao, ya futi 26, na mashine yake ni ya nguvu za farasi 40, miongoni mwa zile za zamani ambazo oili huchanganywa na petroli tangini. Marehemu baba aliinunua ikiwa imeshatumika. Alipofariki, boti ikawa mirathi: mama yetu ana thumni yake, na zilizosalia ni zetu sisi mabinti watatu na ndugu yetu mmoja wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11. Boti haigawiki kwa shoka. Tuliafikiana ibaki kazini chini ya nahodha yule yule aliyekuwa na baba, ikibeba abiria na mizigo baina ya Pate na Lamu, na kila mwezi, baada ya mafuta na ujira, kinachobaki kigawanywe kwa mafungu. Fungu la mdogo wetu ni mali ya yatima. Mama huliandika katika daftari lake la peke yake, na katika nyumba yetu hakuna daftari lifunguliwalo kwa hadhari zaidi ya hilo.

Kasoro ilianza wakati wa kusi, bahari ikiwa nzito. Nahodha alieleza hivi: akiondoka gatini polepole, boti yaenda vyema, akizidisha mafuta ili ishike mwendo, mashine yapandisha sauti ghafla, kana kwamba imeinuliwa nje ya maji, na boti yabaki pale pale. Akipunguza, hushika tena. Mwanzoni ilikuwa hivyo siku boti imejaa. Baada ya wiki chache ikawa hata ikiwa na watu watano.

Msomaji asiyeijua njia yetu huenda akauliza, kwani kwenda polepole kuna ubaya gani? Ubaya uko Mkanda. Mkanda ni mlango mwembamba wa maji baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na mikoko huku, na maji yakipwa huwa machache mno. Apitaye Mkanda husafiri kwa saa ya maji, si kwa saa ya ukutani. Akichelewa hupwelewa, akakaa na matope na mbu hadi maji yarudi. Njia ya pili ni kuzunguka nje ya Manda, kwenye mawimbi ya bahari kuu, na hakuna mwenye akili timamu atakayeipeleka huko mashine isiyoaminika katika msimu wa kusi.

Usiku mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu, akachukuliwa kwa boti yetu kupelekwa hospitali. Walifika, alhamdulillahi, na mtoto ni mzima. Lakini walipoingia Mkanda maji yalikuwa yameshaanza kuondoka, na mabaharia wawili walishuka wakaisukuma boti kwa pondo na mabega karibu nusu saa nzima, mama wa watu akiugua chini ya turubali. Asubuhi yake mama yetu aliamuru boti isimbebe mgonjwa yeyote mpaka ijulikane ina nini. Baadhi ya majirani walinung'unika, maana boti za kutoka usiku si nyingi. Hata hivyo mama hakurudi nyuma, nasi hatukumshauri arudi.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alivuta kamba mara mbili, akaisikiliza mashine ikiwa imesimama ufukweni, akasema imekufa. Akasema mashine za umri ule zikianza kukosa nguvu hazina dawa, tununue mpya, na kwamba yeye kwa hisani yake yu tayari kuichukua ile kuukuu kwa bei ya vyuma chakavu. Mama alimuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kama imekufa, wewe waitakia nini?" Fundi alicheka, akaaga.

Bei ya mashine mpya ya ukubwa ule ingemeza pato letu la miaka kadhaa, pamoja na kila kilichomo katika daftari la yatima. Ndipo tulipokwenda kwa ami yetu.

Ami alifanya kazi ya mashine za boti tangu ujana wake mpaka macho yalipopungua nuru. Sasa hutambua mchana na usiku, na umbo la mtu aliye mlangoni, basi. Alipoelezwa habari hakutaka kuletwa ufukweni. Alitaka majibu. Kasoro yatokea wakati gani, boti inapoondoka au inapokata kona? Yaja na mshindo wa vyuma, au kimya kimya? Ukipunguza mafuta, yashika tena au haishiki? Kuna harufu ya mpira ulioungua? Je, rafadha iligonga kitu miezi ya karibuni? Tuliandika maswali yale kwenye karatasi, tukampelekea nahodha, tukarudi na majibu. Jambo hilo lilirudiwa mara nyingi katika siku zilizofuata, na hivyo ndivyo sisi, ambao hapo awali tuliijua mashine kwa kuilipia tu, tulivyogeuka kuwa macho ya ami.

Kwanza alitufahamisha neno lenyewe. Rafadha, au propela kama waitavyo mafundi wengi, huingia majini kama parafujo iingiavyo mbaoni. Lakini maji si ubao, hukwepa. Hivyo kila rafadha duniani, hata iliyotoka dukani leo, huteleza kiasi. Ikizunguka mzunguko mmoja boti haisogei masafa yote ambayo hesabu ingetaka isogee. Kuteleza huko ni kwa kawaida, na boti nyepesi yenye mwendo hupoteza kwa njia hiyo kama asilimia 10 hadi 20, ilhali boti nzito ya mbao hupoteza zaidi. Kuteleza kwa pili ni ugonjwa. Huku mashine yazunguka, shafti yazunguka, lakini rafadha yenyewe haizungushwi sawasawa, au yazunguka ndani ya mapovu ya hewa badala ya maji. Kwa aliye juu ya boti yote hayo ni sauti moja tu ya kunguruma. Kwa mwenye kutafuta sababu ni maradhi mbalimbali, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

Jibu la nahodha la kwamba hakuna mshindo wa vyuma lilimpendeza ami. Gia zikilika meno yake, alisema, huruka na kugongana, na mtu huhisi pigo hata nyayoni. Hiyo ndiyo habari mbaya na ghali. Mabawa yaliyopinda au kumegeka hutetemesha boti nzima. Boti iliyoota magamba ya bahari chini yake huwa nzito, lakini huko mashine hulemewa, sauti haipandi. Yetu sauti ilipanda, bila mtetemo, bila mshindo, na ikapona ikipunguzwa mafuta. Na naam, miezi mitatu kabla ya hapo iligonga fungu karibu na Mtangawanda.

"Tazameni kitovu," akasema ami.

Hapa inafaa tueleze kidogo, kwani ndipo ulipo moyo wa habari. Kitovu cha rafadha ya mashine kama yetu si kipande kimoja cha chuma. Kwa nje kuna alumini yenye mabawa. Kwa ndani kabisa kuna bomba dogo la shaba lenye meno, linalovaa juu ya meno ya shafti. Baina ya viwili hivyo pana mpira, mafundi huuita bushi, ulioshikamana na lile bomba na kushindiliwa kwa nguvu ndani ya kitovu. Hakuna msumari wala skurubu inayoushikilia. Ni kubana kwake tu. Nguvu yote ya farasi 40 hupita katika mpira huo kabla ya kuyafikia mabawa. Umewekwa hapo kwa makusudi: rafadha ikigonga mwamba au gogo, mpira huteleza, gia zikasalimika. Ni mtumishi anayepokea pigo kwa niaba ya bwana wake. Lakini mtumishi huyo naye huzeeka. Katika mashine yetu moshi hutokea katikati ya kitovu, na joto lake kwa miaka mingi huukausha mpira ukawa mgumu na laini juu kama ukucha. Kisha pigo moja la fungu likaufungua mshiko wake. Tangu hapo hubana mwendo ukiwa mdogo, na huachilia mzigo ukizidi.

Kuthibitisha hayo hakuhitaji chombo cha gharama. Nati iliyo mwisho wa shafti imefungwa kwa pini, hivyo huzunguka na shafti daima. Ukipiga mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kitovu cha nje, ukaenda baharini na kurudi, mstari ukiwa ungali umenyooka, basi shafti na rafadha zimekwenda pamoja. Ukikatika, kipande kimoja huku na kingine kule, rafadha imeteleza juu ya shafti yake, na hapana haja ya ubishi.

Rangi ya mafundi hatukuwa nayo. Tulikuwa na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, iliyosalia tangu harusi ya dada yetu mkubwa, na ami aliposikia alicheka hadi akakohoa, kisha akasema itafaa kuliko rangi ya ukuta, kwa kuwa hukauka upesi na maji ya chumvi hayaiondoi. Kabla ya kugusa chochote alitutaka tumsomee tulichofanya: mashine imezimwa, kamba ya usalama imechomolewa, na waya za plagi zimetolewa. Rafadha ikizungushwa kwa mkono gia ikiwa imeingia, mashine yaweza kuwaka, na vidole havioti tena. Tulipangusa chumvi na grisi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, tukaacha pakauke, tukachora mstari. Tukachora na wa pili upande wa pili, kwa kuwa wanawake hatuamini shahidi mmoja katika jambo la fedha.

Nahodha alitoka nayo na magunia ya mchanga badala ya abiria. Alizidisha mafuta mara tatu mbele ya gati, mara zote ikanguruma, akarudi. Mistari yote miwili ilikuwa imekatika. Kipande cha kwenye kitovu kilikuwa kimebaki nyuma ya kile cha kwenye nati kwa upana wa vidole vitatu.

Tulimwambia ami. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mashine yenu haikufa. Imevua kiatu."

Kuivua rafadha ni kazi fupi: kunyoosha pini na kuichomoa, kukita kipande cha ubao baina ya bawa na lile bamba lililolala juu yake ili isizunguke, kufungua nati kwa spana, kutoa washa, kisha kuivuta rafadha. Hukataa ikiwa shafti haikupakwa grisi kwa muda mrefu. Yetu ilikataa nusu siku. Ilipotoka, ami alipitisha vidole kwenye meno ya shafti mwenyewe, jino moja moja, akasema ni mazima. Ndani ya kitovu tulikuta unga mweusi wa mpira. Nyuma ya washa kubwa ya ndani tulikuta jambo jingine: mshipi wa nailoni umejizungusha mara kumi au zaidi, umekaza kama uzi katika kibiringo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na kwa kweli imepungua majini, lakini mishipi na vipande vya nyavu ingali tele, na vikijizungusha pale hukata sili inayozuia maji yasiingie kwenye gia. Tulivikata kwa wembe. Sili yetu ilionekana ingali na uhai, ingawa ami hakuridhika na neno "ilionekana".

Hapo ndipo shauri zilipoanza kumiminika, maana rafadha iliyo mkononi mwa wanawake huwavuta wapita njia wote. Mmoja alishauri kitobolewe kitovu na kupitishwa boliti mbili, chuma kwa chuma, ili kisiteleze tena milele. Mwingine alitaka kuchomelea. Wote wawili walitaja boti walizoziona zikienda vizuri baada ya dawa hiyo, nasi hatuna sababu ya kuwakadhibisha. Ami alituuliza swali moja tu: boti hiyo ikigonga fungu la pili, nini kitateleza? Jibu ni kwamba hakitateleza kitu. Pigo litakwenda moja kwa moja kwenye gia, na gia ndizo zinazogharimu fedha. Jambo hilo hilo hutokea kwa mashine ndogo za zamani zaidi, zile ambazo badala ya bushi zina pini laini ipitayo katikati ya shafti na rafadha. Pini hiyo huvunjika kwa makusudi, na mwenye haraka hutia msumari mgumu mahali pake. Msumari hauvunjiki. Kinachovunjika ni kilicho nyuma yake.

Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la kuuliza kila unapokodi boti au kumpa fundi boti yako: je, rafadha hii ina bushi yake, au imepigwa boliti? Hakuna aibu kuuliza. Mojawapo ya biashara kubwa za mwanzo za mashine za kufungwa tezini, ile ya Ole Evinrude kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, ilisimamiwa hesabu na matangazo yake na mkewe, Bess, ilhali mume akishughulika na vyuma. Hatudhani kuna aliyemwambia kwamba mashine si mambo ya wanawake, na kama yuko, biashara haikumsikiliza.

Kubadili bushi huhitaji mtambo wa kushindilia, ambao hapa kwetu hatukuupata. Tuliifunga rafadha katika gunia, ikavuka hadi Mokowe, ikapanda basi kwenda Mombasa. Huko bushi kuukuu hutolewa kwa kusukumwa, na mpya huingizwa kwa maji ya sabuni badala ya grisi, kwani sabuni hukauka na grisi hubaki ikitelezesha. Wako wanaotoa mpira wa zamani kwa kuuchoma moto. Moshi wake ni sumu na alumini hudhoofika, na ami alisisitiza tuwakatalie. Siku ya sita rafadha ilirejea. Gharama yake yote, pamoja na nauli ya gunia, haikufika sehemu ya ishirini ya bei ya mashine mpya. Wakati tukiisubiri boti haikulala bure: nahodha alifunga rafadha aliyoazima kwa rafiki, akabeba mizigo myepesi tu.

Tulipaka grisi meno ya shafti, tukarudisha kila kitu kwa mpangilio tulioupiga picha wakati wa kufungua, tukatia pini mpya wala si ile iliyokwisha kunyooshwa, tukachora mstari mwingine. Boti ilitoka, ikashika mwendo kwa mara ya kwanza tangu kusi kuanza. Watoto ufukweni walipiga vigelegele.

Laiti ingekuwa imekwisha hapo. Nahodha alirudi akasema yaenda vyema akienda moja kwa moja, lakini akikata kona, au wimbi likija kutoka nyuma, mashine bado yapandisha sauti kwa muda mfupi. Baadhi ya watu walianza kusema bushi ya Mombasa ni bandia. Tuliutazama mstari: mzima. Kwa hiyo bushi haikuwa na hatia, na shaka ikahamia kwingine. Kuna thamani kubwa katika kipimo ambacho hakijali nani anasema nini.

Ami aliuliza abiria walikaa wapi. Walikaa mbele, kama kawaida. Mashine hizi hutoa moshi na kelele, na wanawake wenye watoto hukimbilia upande wa omo. Magunia nayo huwafuata, maana kila mtu hutaka kuuona mzigo wake. Omo ikilemewa, tezi huinuka, na rafadha ikasogea karibu na uso wa maji. Ikifika hapo huvuta hewa kutoka juu, mabawa yakapiga povu badala ya maji. Nahodha alihamisha magunia mawili ya mchele nyuma, na sauti ile ikapungua papo hapo, ingawa haikukoma.

Kilichosalia kilikuwa kwenye ubao wa tezi. Lile bamba lililolala juu ya rafadha huzuia hewa isivutwe, na kwa kazi hiyo yapasa liwe sawasawa na chini ya boti, au sentimita moja mbili chini yake. Tuliipandisha boti ufukweni maji yalipokupwa, tukaweka ubao mnyofu chini ya mkuku kuelekea nyuma, tukapima. Bamba letu lilikuwa sentimita 3 juu ya mstari ule. Sababu yake ilikuwa wazi tulipotazama kwa makini: zamani, tezi ilipooza na kukarabatiwa, fundi aliongeza kipande cha ubao juu yake, na mashine ikarudishwa juu ya nyongeza hiyo. Boti ikiwa mpya kwa kalafati na uzito wake ukiwa nyuma, haikudhuru. Seremala alikata kitako katika ubao, mashine ikashuka sentimita 4, boliti zikakazwa na kuzibwa zisivujishe. Wenye kununua mashine iliyotumika waangalie na jambo la shingo: ziko fupi, za tezi ya kama sentimita 38, na ndefu, za kama sentimita 51. Shingo fupi juu ya tezi ndefu itavuta hewa maisha yake yote, na hakuna bushi itakayoiponya.

Mwishowe tulifanya hesabu, na hii ilikuwa kazi ya dada yetu mdogo aliye sekondari. Kwenye kitovu cha rafadha hupigwa chapa namba mbili. Ya kwanza ni upana wa duara lake, ya pili ni masafa ambayo ingesogea kwa mzunguko mmoja lau maji yangekuwa ubao. Yetu ya pili ni inchi 11, yaani kama sentimita 28. Fundi mmoja kijana alituazima kipimo kidogo cha mizunguko, kinachozungushiwa waya wake kwenye waya wa plagi. Mashine ilionyesha mizunguko 4,500 kwa dakika. Gia huipunguza kwa nusu, ikabaki 2,250. Zidisha kwa sentimita 28: mita 630 kwa dakika, karibu kilomita 38 kwa saa. Simu ilionyesha kilomita 31 tukienda na mkondo na 27 tukirudi dhidi yake, wastani 29. Tulikuwa tunapoteza karibu robo, na kwa boti nzito ya mbao yenye watu kumi na moja ami alisema ameridhika. Dada aliandika hesabu ile nyuma ya daftari la boti, na tarehe, ili mwezi wowote namba ikianza kupanda ijulikane kabla ya nahodha kuisikia kwa masikio.

Mama aliondoa amri yake juu ya wagonjwa wiki ile ile. Tangu hapo boti imevuka Mkanda usiku mara nne kwa ajili hiyo, na mara zote maji yalikuwa yangali yanatosha. Chini ya kiti cha tezi sasa kuna sanduku lenye rafadha ya akiba, spana ya nati, pini sita, kipande cha ubao na kopo la grisi, na mstari wa rangi huchorwa upya kila mwandamo wa mwezi. Kazi hiyo amepewa mdogo wetu, ambaye sasa ana miaka 14 na huona fahari kuitwa mkaguzi.

Limesalia jambo la sili. Juzi tulipomwaga oili ya gia ilitoka na weupe kidogo, si kama chai ya maziwa bado, lakini si safi. Yamkini ule mshipi wa nailoni uliacha jeraha lake. Ami ameshatuandikisha namba ya sili mpya, imeagizwa Mombasa, na itafungwa bamvua lijalo boti itakapopandishwa ufukweni. Fedha yake imeshatengwa kwa mafungu, na la yatima limeandikwa mahali pake.